Harufu ya Ndimu, Gramu Hamsini: Hesabu ya Kupanda Bangi Nyumbani Ujerumani

Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima anayeishi Ujerumani anaruhusiwa kuwa na mimea mitatu ya bangi nyumbani kwake na kuhifadhi humo gramu 50 za maua makavu. Watu wengi wanaikumbuka mimea mitatu. Gramu 50 wanazisahau, na hapo ndipo pesa zao zinapopotea. Matangazo ya mbegu, taa na mbolea hushindana kwa uzito: mavuno makubwa, maua mazito, gramu nyingi kwa kila mita ya mraba. Mnunuzi anashawishika, anatoa mamia ya yuro, kisha anavuna kilichozidi mpaka wa sheria na analazimika kukiharibu.

Ulinganisho huu unaanzia kwenye mpaka huo. Kama huruhusiwi kuweka zaidi ya gramu 50, uzito si kitu cha kuununulia vifaa. Kinachobaki cha kulipia ni ubora, na kwa mbegu tunayoizungumzia, ubora ni harufu.

Mbegu yenyewe

Mfano wetu ni Super Lemon Haze, chotara maarufu kutoka Green House Seed Company ya Amsterdam. Wazazi wake ni Lemon Skunk na Super Silver Haze. Ilishinda mashindano ya Cannabis Cup mwaka 2008, ikarudia 2009, na tangu hapo imekuwa kipimo ambacho mbegu nyingine za harufu ya ndimu hulinganishwa nacho. Harufu hiyo inatoka kwenye mafuta mepesi ya mmea, yakiwemo limonini, ambayo ndiyo yanayonukia pia kwenye ganda la chungwa na limau. Mafuta hayo hupeperuka upesi yakipata joto. Jambo hilo tutalirudia tukifika kwenye kukausha, kwa sababu huko ndiko harufu nyingi iliyolipiwa hupotelea.

Tabia ya pili ya mbegu hii ni uvumilivu inaoudai. Kutoka ukoo wa Haze imerithi kuchanua polepole: wiki 9 hadi 10 tangu maua yaanze, wakati chotara nyingine nyingi humaliza kwa 8. Pia hurefuka sana. Kwa mwenye hema dogo au baraza wazi, tabia hizi mbili zina uzito kuliko bei ya mbegu.

Aina nne

Mbegu za kawaida ndizo rahisi kuliko zote. Tatizo ni kwamba karibu nusu yake hutoa madume, na maua yanayotakiwa ni ya majike tu. Ukipanda tatu, uwezekano wa kupata madume matupu ni mmoja kwa nane. Isitoshe, dume moja ukilisahau litamwaga chavua na kuyajaza majike mbegu. Aina hii inamfaa anayetaka kuzalisha mbegu zake mwenyewe.

Mbegu za kike hutengenezwa ili zitoe majike karibu zote. Mbegu moja ya jina kubwa kama hili mara nyingi huuzwa kwa yuro 8 hadi 12. Ukubwa wa mmea unauamua wewe: ukiwashiwa taa saa 18 kwa siku unaendelea kukua, ukipunguziwa hadi saa 12 unaanza kuchanua. Kosa la wiki za mwanzo linaweza kurekebishwa kwa kuuongezea mmea wiki moja ya kukua kabla ya maua.

Mbegu zinazochanua zenyewe zimechanganywa na bangi pori ya kaskazini, na saa za mwanga haziziongozi. Kutoka kuota hadi kuvunwa ni kama wiki 11. Bei inakaribiana na ya mbegu za kike. Mmea ni mfupi na mavuno ni madogo, na kwa sheria ya gramu 50 udogo huo ni faida. Ubaya wake ni kwamba haukusubiri: mche ukidumaa kwa kumwagiliwa maji mengi, utachanua hivyo hivyo ukiwa umedumaa.

Vipandikizi ni matawi yaliyokatwa kwa mmea mama na kuoteshwa mizizi. Mnunuzi anayefuata harufu anapaswa kuvifikiria kwanza. Mbegu za chotara hutofautiana hata zikitoka pakiti moja: mmoja atanukia ndimu, mwenzake atanukia ubani au pilipili. Kipandikizi kinafanana na mama yake kabisa, kwa hiyo ukiinusa harufu ya mama unajua unachonunua. Pia kinakuokolea wiki za kuotesha. Hatari yake ni kuingiza nyumbani utitiri, vithiripi au ugonjwa uliofichika. Kagua chini ya majani, kisha kitenge na mimea mingine kwa siku kadhaa. Vyama vya wakulima wa bangi vilivyosajiliwa vinaruhusiwa kutoa hadi vipandikizi 5 au mbegu 7 kwa mtu kwa mwezi.

Tofauti ya bei kati ya mbegu ya yuro 5 na ya yuro 12 ni yuro 7. Iweke tofauti hiyo akilini unaposoma hesabu inayofuata, maana watu hubishana sana juu ya bei ya mbegu huku gharama kubwa ikiwa kwingine.

Umeme na vifaa

Tuchukue hema la sentimita 60 kwa 60, taa ya LED ya wati 100, feni yenye kichujio cha mkaa, na vyungu vya kitambaa. Kichujio usikiache: mmea huu ukichanua, harufu yake inapita chini ya mlango mpaka kwenye ngazi za jengo, na ugomvi na majirani huanzia hapo. Vifaa hivi kwa pamoja tuviwekee yuro 320, bei ya kati isiyo ya anasa.

Mbegu ya kike inahitaji wiki 5 za kukua kwa saa 18 za taa, kisha wiki 10 za maua kwa saa 12. Taa itakula uniti 147. Feni ya wati 20 ikizunguka usiku na mchana itakula uniti 50. Jumla ni uniti 197. Kwa senti 38 kwa uniti, hiyo ni yuro 75. Ankara yako ikiwa na bei nyingine, zidisha upya.

Mbegu inayochanua yenyewe huwashiwa taa saa 18 kwa wiki zote 11. Taa itakula uniti 139, feni uniti 37, jumla 176, sawa na yuro 67. Kwa hiyo inaokoa mwezi mzima, lakini kwenye umeme inaokoa yuro 8 tu. Ichague kwa sababu ya muda au ufupi wake. Umeme peke yake si sababu ya kutosha.

Hesabu ya mavuno

Njia ya kwanza ndiyo ambayo wengi huanza nayo: mimea mitatu hemani. Mbegu tatu ni yuro 30, udongo na mbolea 45, umeme 75, vifaa 320. Jumla ni yuro 470. Hata hema likitoa gramu 100, unaruhusiwa kuweka 50, kwa hiyo kila gramu uliyobaki nayo imekugharimu yuro 9.40. Ukivitumia vifaa hivyo kwa mizunguko minne, gharama ya mzunguko mmoja inashuka hadi yuro 230, yaani yuro 4.60 kwa gramu.

Njia ya pili ni mmea mmoja tu katika hema hilo hilo, matawi yakiinamishwa na kufungwa yatandae chini ya taa nzima. Nunua mbegu mbili, uoteshe zote, ubaki na mche wenye nguvu zaidi. Mbegu ni yuro 20, udongo na mbolea 25, umeme 75, na sehemu ya vifaa 80. Jumla ni yuro 200. Mmea mmoja uliotunzwa vizuri unaweza kufikia gramu 50, na gramu inasimama kwenye yuro 4. Unapata kiasi kile kile cha halali, kwa chungu kimoja cha kumwagilia.

Njia ya tatu ni baraza lenye jua. Mbegu mbili zinazochanua zenyewe ni yuro 20, udongo na vyungu 35, umeme sifuri. Zikitoa gramu 40 kwa pamoja, gramu moja ni karibu yuro 1.40. Zioteshe ndani, uzitoe baada ya katikati ya Mei baridi kali inapopita, na uvune kabla ya mvua za vuli. Super Lemon Haze isiyochanua yenyewe usiiweke nje Hamburg au Bremen. Huanza kuchanua siku zinapofupika mwezi Agosti, na wiki zake 10 zinaishia mwishoni mwa Oktoba, wakati wa unyevu na ukungu. Ukungu ukiingia ndani ya maua, mavuno yote ni ya kutupwa. Baraza linaloonekana na kila mtu au linalofikiwa na watoto nalo halifai, kwa sababu sheria inakutaka uilinde mimea dhidi ya watoto na wageni.

Njia ya nne ni kutopanda kabisa na kujiunga na chama cha wakulima wa bangi. Mwanachama hupata hadi gramu 50 kwa mwezi, na aliye chini ya miaka 21 hadi gramu 30 zenye THC, yaani kilevi cha bangi, isiyozidi asilimia 10. Tukichukulia yuro 8 kwa gramu, anayetumia gramu 10 kwa mwaka atalipa yuro 80 pamoja na ada yake. Kwa mtu huyo, hema na vifaa vyake vya yuro 320 havirudishi pesa zake kwa miaka mingi. Anayetumia gramu moja kwa wiki, sawa na mzunguko mmoja wa hema kwa mwaka, ndiye ambaye kupanda kunamlipa.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Waswahili wanaoishi Ujerumani wana mambo ya ziada ya kuyaangalia. Sheria inataka uwe umeishi nchini angalau miezi 6. Aliyefika juzi asiguse. Mbegu zinaweza kuagizwa kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, lakini si kutoka nje yake. Mavuno ya nyumbani hayauzwi wala hayagawiwi, hata kwa rafiki wa karibu. Ukikutwa nyumbani na zaidi ya gramu 50 unaadhibiwa, na ukipita 60 limekuwa kosa la jinai. Hadharani mpaka ni gramu 25. Dereva ana kikomo cha nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya seramu ya damu, na dereva mpya au wa chini ya miaka 21 haruhusiwi hata kidogo.

Na uhuru huu hausafiri. Kenya, Tanzania na Uganda kupanda bangi bila kibali ni kosa lenye vifungo vizito. Usiingize mbegu hata moja kwenye sanduku la likizo, wala usitume kwa posta. Hakuna hesabu ya yuro inayolingana na ndugu aliyefungwa kwa ajili ya kifurushi chako.

Afya nayo ni gharama. Ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25, na mwenye historia ya maradhi ya akili katika familia ana sababu ya kukaa mbali na bangi yenye THC nyingi kama hii. Kuichanganya na tumbaku kunaongeza madhara ya moshi na kumfunga mtu kwenye nikotini.

Nunua kwa utaratibu huu

Mwenye baraza la faragha lenye jua aanze na mbegu mbili zinazochanua zenyewe. Atajifunza mengi kwa gharama ndogo, na akishindwa hasara yake haizidi yuro 55. Asiye na baraza, na anayetumia gramu chache tu kwa mwaka, abaki na chama. Mwenye kutumia kila wiki anunue hema dogo na kuotesha mmea mmoja wa kike. Akikipata kipandikizi kisafi cha mama aliyemnusa mwenyewe, akipe nafasi mbele ya mbegu yoyote.

Pesa alizookoa kwa kuacha mimea miwili azipeleke kwenye kukausha. Kipimajoto chenye kipima unyevu na mitungi ya kioo yenye mifuniko mizuri havifikii yuro 30 kwa pamoja. Ning'iniza matawi gizani kwenye nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 55 hadi 60, kwa siku 10 hadi 14, kisha uyatie maua kwenye mitungi na kuifungua kidogo kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Anayeharakisha kwa kuweka maua juu ya kipasha joto cha chumba huipoteza ndimu aliyoisubiri kwa wiki 15, na kubaki na nyasi kavu. Kati ya matumizi yote tuliyoyahesabu, yuro hizo 30 ndizo zinazoilinda harufu moja kwa moja, na ni chini ya nusu ya ankara ya umeme wa mzunguko mmoja.