Joto Likizidi, Bungua wa Tambarare Huenda Akapanda Vilima vya Taita

Wakulima wa Voi na wa Wundanyi wote hupanda mahindi, lakini bungua anayewasumbua zaidi si yule yule. Kwenye tambarare zenye joto hutawala bungua mwenye madoadoa. Juu vilimani, kwenye baridi, hutawala bungua wa asili ya Afrika. Katikati hukutana. Kinachowatenganisha ni halijoto, nayo inabadilika.

Bungua mwenye madoadoa alitoka Asia. Barani Afrika alionekana kwanza nchini Malawi miaka ya 1930, kisha akaenea Afrika Mashariki. Nondo hutaga mayai kwenye majani ya mahindi. Viwavi wakianguliwa hula majani machanga ya katikati, kisha hutoboa bua na kuishi ndani yake. Mmea mchanga hukauka moyo. Uliokomaa huvunjika au kuzaa vibaya.

Kwa nini apande vilima?

Mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo. Penye baridi hukua polepole. Penye joto la kadiri hukomaa upesi na kuzaa vizazi vingi zaidi kwa msimu mmoja. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Kwa hivyo, joto likiongezeka kwa nyuzi 1 tu, hali ya hewa inayomfaa mdudu husogea juu kwa zaidi ya mita 150.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 kuhusu miteremko ya Taita na Kilimanjaro ulikadiria kuwa bungua mwenye madoadoa atazidi kuenea kwenye maeneo yaliyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Pia ulionya kuwa nyigu wadogo wanaoangamiza viwavi hao huenda wasienee sawia nao. Mmoja wa nyigu hao aliletwa kutoka Asia na kuachiliwa Pwani mwaka wa 1993 ili kupunguza bungua.

Mkulima afanye nini?

Wakulima wote, hasa wa sehemu za juu, wanashauriwa:

• Kukagua shamba mara kwa mara tangu mahindi yakiwa machanga. Dalili za kwanza ni vitundu kwenye majani ya katikati.

• Kutoacha mabua shambani baada ya mavuno. Viwavi hujificha humo wakati wa kiangazi na kutoka mvua inaponyesha. Mabua yakatwekatwe yawe lishe ya mifugo au mboji.

• Kutumia mbinu ya vuta-sukuma: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi ili kufukuza nondo, na nyasi ya nepia kuzunguka shamba ili kuwavuta. Mimea yote miwili ni lishe ya mifugo.

• Kutonyunyiza dawa ovyo. Kiwavi akishaingia ndani ya bua, dawa haimfikii. Badala yake huua nyigu wanaomsaidia mkulima.

Mkulima anayeona viwavi wenye madoadoa mahali ambapo hawakuwa wakionekana awali anaombwa kumjulisha afisa wa kilimo wa wadi yake mapema. Taarifa hiyo huwasaidia majirani wa juu zaidi kujiandaa kabla mdudu hajawafikia.