Fahamu: Usanifu mzuri unavyoongeza thamani ya jengo

Thimlich Ohinga, makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta katika Kaunti ya Migori, Kenya, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake za mawe, zilizojengwa yapata karne ya 16, zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hazina hata chembe ya saruji wala udongo wa kushikanisha.

Siri iko katika upangaji. Mawe yamewekwa kwa safu tatu: ya nje, ya ndani, na katikati vijiwe vidogo vya kukaza. Milango ni mifupi, hivyo anayeingia hulazimika kuinama. Adui naye aliinama vivyo hivyo.

Katika Kaunti ya Homa Bay nako, umbo la jengo husimulia: kaburi la mwanasiasa Tom Mboya kisiwani Rusinga limejengwa kwa umbo la risasi, na mgeni huelewa Mboya alivyokufa kabla hajasoma kibao.

Je, mwenye duka ajifunze nini hapo? Mjini Kendu Bay, maduka ya zamani yana baraza inayompa mteja kivuli. Fremu za siku hizi, bati na kioo tupu, huchemka mchana. Kabla hujabomoa jengo la zamani, muite msanifu kwanza.