Soko lenye jina la shahidi: Imani na bajeti ya nyumbani Kampala

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MSAFIRI anayeshuka basi katikati ya jiji la Kampala, awe ametokea Busia, Malaba, Katuna au Mutukula, hachelewi kusikia jina la Owino. Huko ndiko wengi huelekezwa wakitafuta nguo za mivumba, sufuria, maharage, viatu vya watoto au fundi wa kupunguza suruali. Lakini jina rasmi la soko hilo ni la mtu wa kanisani: Mtakatifu Balikuddembe.

Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga alipokuwa akiingia Buganda kwa njia ya mashariki, upande ambao leo wachuuzi wa Busia na Malaba hupita kila siku. Balikuddembe alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Aliuawa Novemba 15, 1885, hapo hapo Nakivubo, jirani na soko linaloitwa kwa jina lake. Wakatoliki humhesabu kuwa wa kwanza miongoni mwa mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.

Si ajabu, basi, kwamba katika jiji hili imani na soko hukutana kila siku. Mama anayetoka misa ya asubuhi huingia moja kwa moja katika bei ya nyanya. Mlokole aliyeshinda katika maombi usiku kucha anarudi nyumbani kukuta gunia la makaa limebaki vumbi. Swali ambalo familia nyingi za Kikristo Kampala hujiuliza halihusu mbinguni peke yake. Ni hili: fedha hii kidogo itafika mwisho wa mwezi?

Kwa wasomaji wetu waliorudi nyumbani kutoka ughaibuni, na kwa wale wanaoishi kwa kuvuka mpaka, swali hilo ni zito zaidi. Kipato chao hakina tarehe maalumu. Leo kipo, kesho gari limekwama mpakani.

Makombo yasipotee

Injili ya Yohana, sura ya sita, inasimulia jinsi Yesu alivyolisha watu elfu tano. Baada ya watu kushiba, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki ili kitu chochote kisipotee, wakajaza vikapu 12. Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota makombo.

Jikoni Kampala, agizo hilo lina sura yake. Chukua matoke. Ndizi humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba, kisha huwekwa juu ya mabua ndani ya sufuria yenye maji kidogo, ziive kwa mvuke. Mama mwenye akili hapiki mchuzi wa karanga katika moto wa pili. Huufunga katika jani au huutia katika chombo kidogo, akauweka juu ya furushi la matoke. Moto mmoja, vyakula viwili. Akimaliza kuyaponda, huyarudisha juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, na chakula hubaki cha moto hadi baba na watoto warudi.

Maganda nayo hayatupwi. Mwenye mbuzi au nguruwe huwalisha. Asiye na mifugo huyakausha, na vikundi vya akina mama hapa jijini huyachoma, huyachanganya na vumbi la makaa pamoja na udongo au uji wa muhogo, wakafinyanga madonge ya kupikia. Madonge hayo huwaka polepole, na yanafaa kwa maharage. Maharage yenyewe yakilowekwa usiku huiva kwa makaa machache zaidi.

Jambo hili si dogo. Nyumba nyingi za Kampala bado hupika kwa makaa, na makaa hayo hutoka mbali. Mwezi Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa nchi, kwa sababu misitu ilikuwa inakwisha. Gunia likipanda bei, anayeumia kwanza ni mama mwenye sigiri ya bati tupu, ambayo joto lake hupotelea pembeni. Sigiri iliyotandikwa udongo ndani, mfano wa jiko lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hugharimu zaidi siku ya kununua, lakini hurudisha fedha hiyo kwa makaa inayookoa.

Asubuhi kuna katogo: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, karanga au matumbo katika sufuria moja. Wengine hukiona ni chakula cha maskini. Lakini hesabu yake ni nzuri, kwa kuwa mtoto anayeondoka ameshiba hahitaji fedha ya chapati njiani.

Walokole na madeni

Kubana matumizi kwa sababu ya imani si jambo geni Uganda. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Dk. Joe Church, daktari mmisionari kutoka Gahini, Rwanda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo na mambo yaliyofuata Gahini, ulienea uamsho ambao katika miaka ya 1930 ulivuka mpaka hadi Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka.

Walokole wa zamani walijulikana kwa mambo mawili yanayohusu mfuko. La kwanza, mtu akiokoka alirudisha alichoiba. Walikwenda kwa waajiri, kwa majirani, hata kwa maofisa wa serikali, wakapeleka fedha au vitu vya watu. La pili, waliacha pombe. Nyumba ambayo mume ameacha pombe ilikuwa na fedha ya chumvi, sabuni na karo hata kama mshahara haukuongezeka.

Fundisho hilo linamhusu sana mchuuzi wa mpakani. Miaka ya 1970, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, sukari, chumvi na sabuni ziliadimika, na neno magendo likawa jina la maisha yenyewe. Waliozoea njia za panya enzi hizo walijua pia gharama zake: mzigo kukamatwa, hongo juu ya hongo, na usiku usio na usingizi.

Leo mchuuzi mdogo ana njia nyingine. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kulipiwa ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kuwapo, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga mzigo. Anayepita mlango wa mbele anajua mapema atalipa nini, na anaweza kuipangia fedha hiyo bajeti.

Sanduku lenye makufuli matatu

Soko la Owino liliungua mwaka 2009, likaungua tena mwaka 2011 na mwaka 2013. Mwenye kuficha fedha zake chini ya mzigo alikuwa katika hatari ya kupoteza mtaji na akiba katika usiku mmoja. Ndiyo maana suala la mahali pa kuweka fedha ni la lazima hata kwa mwenye kidogo.

Kanisa Katoliki liliona haja hiyo mapema. Mwaka 1983 lilianzisha mfuko wa maendeleo vijijini, ambao mwaka 1993 ulikuwa benki kamili ya biashara. Ndiyo Benki ya Centenary, na jina lake ni kumbukumbu ya miaka 100 ya Ukatoliki Uganda, tangu mapadri wa kwanza walipowasili mwaka 1879.

Kwa wengi, hata hivyo, benki ya kwanza ni kikundi. Mtindo ulioenea sasa katika parokia na mitaa ya Uganda ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE. Watu kati ya 15 na 30 wanaofahamiana hukutana kila wiki. Kila mmoja hununua hisa, moja hadi tano. Fedha huingia katika sanduku lenye makufuli matatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, mbali na anayetunza sanduku. Wanachama hukopeshana kwa riba ndogo, na baada ya miezi tisa hadi 12 fedha zote hugawanywa kwa kadiri ya hisa.

Tuseme mama anaweka shilingi 2,000 kwa siku, siku sita za wiki. Kwa wiki ni 12,000, na kwa mwaka ni 624,000, kabla ya faida ya mikopo. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatari iko Desemba. Vikundi vingi hugawana kabla ya Krismasi, wakati nauli za kwenda kijijini zimepanda na kila duka linapiga muziki. Shule za Uganda hufungua muhula wa kwanza mwanzoni mwa Februari, nazo hudai karo, sare, na mara nyingi ufagio, karatasi na sabuni juu yake. Kikundi chenye busara hukubaliana mapema kwamba sehemu ya mgawo italipwa moja kwa moja shuleni.

Ipo pia nigiina, ambamo wanawake humtembelea mwenzao kwa zamu wakiwa na zawadi: vyombo, magodoro, nguo, wakati mwingine mifugo. Kila zawadi huandikwa katika daftari, na aliyepokea anatakiwa kurudisha ya thamani ile ile au zaidi. Nigiina imejaza nyumba nyingi vyombo ambavyo mama peke yake asingevinunua. Lakini imewatia wengine katika madeni na ugomvi na waume zao, hasa pale kila mmoja anapotaka zawadi yake ipite ya jana. Aliyerudi kutoka Dubai au Muscat huvutwa haraka katika mashindano hayo, kwa kuwa watu wanaamini amerudi na gunia la fedha.

Zaka: ya mauzo au ya faida?

Hapa ndipo penye uchungu. Kuna nyumba Kampala ambazo hazikufilisiwa na pombe wala anasa, bali na sadaka. Waumini wameahidi madhabahuni kile wasichokuwa nacho, wakauza vyombo, wakakopa ili wapande mbegu. Waganda hawajasahau Kanungu, Machi 2000, ambako mamia ya watu walikufa katika moto. Waliojiunga na kundi lile walikuwa wameuza mali zao na kukabidhi fedha kwa viongozi. Makanisa mengi hayafanani na Kanungu hata kidogo. Lakini yaliyotokea huko yanatosha kumfundisha muumini kuuliza fedha yake inakwenda wapi.

Kwa mchuuzi, kosa la kawaida ni la hesabu tu. Tuseme umenunua mzigo kwa shilingi 450,000, ukauza kwa 500,000. Nauli na ushuru wa soko ni 15,000. Faida yako ni 35,000. Ukitoa zaka ya mauzo yote, unatoa 50,000. Umetoa faida yote, na 15,000 ya mtaji juu yake. Fanya hivyo kila safari, na baada ya miezi michache huna cha kununulia mzigo wala cha kutoa. Zaka ya faida ni 3,500, na unaweza kuitoa mwaka mzima bila watoto kulala njaa.

Anayesema hesabu kama hii ni upungufu wa imani asome Luka sura ya 14, ambako Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na kwanza anaketi kukadiria gharama. Mwanamke mwema wa Mithali 31 naye hasifiwi kwa kusali peke yake. Anaamka kabla ya mapambazuko, anachunguza shamba kabla ya kulinunua, na anajua kama biashara yake inalipa.

Kwa aliyerudi

Wewe uliyerudi baada ya miaka ya kazi ngumu ugenini, miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Ndugu watakuja, na kila mmoja ana shida ya kweli. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tenga kiasi cha kusaidia, kitaje kwa upole mbele ya shangazi na wajomba, na kikiisha kiwe kimeisha. Fedha ya mtaji isikae nyumbani ambako kila hodi itaipunguza.

Nunua daftari mbili katika duka lolote la Kikuubo. Moja andika mauzo, nauli na bei ya mzigo. Ya pili andika makaa, chakula, karo, sadaka na matibabu. Fedha ikitoka katika daftari ya kwanza kwenda ya pili, iandikwe kama mshahara wako, na kiasi kiwe kile kile kila wiki. Mume na mke wazipitie pamoja Jumapili baada ya ibada, kabla ya chakula cha mchana, watoto wakubwa wakisikiliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.