KUTAFUTA KARATASI YA MAREHEMU: WAPI PA KUULIZA



Katika kazi yetu ya huduma za jamii hapa Nyarugusu, swali moja linarudi mara kwa mara. Mjane anataka kufunga ndoa upya, na mchungaji anamwuliza kama mume wa kwanza kweli alifariki. Kijana anawalea wadogo zake, na kwenye usaili anaulizwa wazazi wako wapi. Mwingine amesikia kwamba shamba la baba yake kule Fizi linauzwa na baba mdogo, naye hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba baba amekufa na yeye ndiye mtoto. Wote wanauliza jambo moja: karatasi ya marehemu inapatikana wapi?

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaa na wazee wa ukoo uandike mambo manne: jina la marehemu, mahali alipofia, tarehe, na watu waliokuwepo kwenye mazishi. Yanaonekana mepesi, lakini hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Tuanze na jina. Karani wa Kongo huandika Wilondja, karani wa upande huu akisikia jina hilohilo huandika Wilonja. Mbele ya mtu asiyetujua, hao ni watu wawili. Tena wazee wetu wana shida ya pekee. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo babu aliyeitwa Petro kanisani huenda hayumo kama Petro katika vitabu vya serikali vya miaka ile. Andika majina yote aliyowahi kuitwa, na kila namna ya kuyaandika unayoijua.

Mahali nako kunabadilika majina. Karatasi ya kabla ya 1988 itasema Kivu tu, maana mwaka huo ndipo Kivu iligawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Karatasi ya kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997 itasema Zaire. Aliyefia Kalemie kabla ya 2015 ameandikwa Katanga, au Shaba kwa miaka ya Zaire, na leo Kalemie iko katika mkoa wa Tanganyika. Ndugu zetu Warundi nao waangalie: mwaka 2025 mikoa yao 18 imekuwa 5, na komini 119 zimekuwa 42. Komini iliyoandika kifo cha mzazi wako huenda haipo tena kwa jina lile, basi uliza kwanza imeunganishwa na ipi.

Kama marehemu alifia Kongo, karatasi yenyewe ina kichwa "Acte de décès" na hutolewa na afisa wa etasivili wa mahali kifo kilipotokea. Hilo limo katika Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Lakini tuseme ukweli: vijijini wengi walizikwa bila kuandikwa, na vitabu vingine viliungua au vilipotea vitani. Sheria iliona jambo hilo. Pasipo na akti, mahakama ya mahali ambapo kifo kilipaswa kuandikwa inaweza kutoa hukumu ya kushika nafasi yake, ile inayoitwa kwetu jijeman supletifu. Mahakama husikiliza mashahidi na kutazama vielelezo vidogo vidogo. Ndiyo sababu hivyo vidogo visitupwe.

Vielelezo gani? Paroko wa Kikatoliki anatakiwa na sheria ya kanisa lake kuwa na kitabu cha marehemu mbali na kile cha ubatizo, kwa hiyo andika barua kwa parokia, taja jina na mwaka. Makanisa mengine uliza mwandishi wa kanisa. Hospitali na zahanati zina rejista za wagonjwa. Tangazo la kifo lililosomwa redioni au kuchapwa gazetini si cheti, na hakuna hakimu atakayeamua kwa tangazo peke yake. Ila lina faida kubwa: hutaja siku, mahali pa msiba, mjane, watoto, na mara nyingi kazi aliyofanya marehemu. Kwa mtu anayetafuta ukoo wake tu, bila kesi yoyote, tangazo moja humpa majina ya watu kumi wa kuwauliza. Ukiwa na ndugu mjini mwambie apekue nyumbani, kwani watu huhifadhi kipande cha gazeti au karatasi ya ratiba ya mazishi ndani ya Biblia au pamoja na picha.

Kwa waliouawa pamoja siku moja, mara nyingi hakuna akti ya hata mmoja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, inaeleza matukio 617 ya miaka 1993 hadi 2003, na mauaji ya Makobola ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 yamo. Ripoti hiyo haitakupa jina la baba yako. Inathibitisha kwamba tukio unalolisimulia lilitokea, mahali hapo, siku hizo, na hilo husaidia maneno ya mashahidi wako.

Sasa tuje upande huu wa ziwa. Aliyefia Tanzania anaandikishwa Tanzania, na sheria ya vizazi na vifo haiulizi uraia wake. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Ukifia hospitali, hospitali hutoa tangazo la kifo. Ukifia nyumbani, taarifa ianzie kwa kiongozi wa kijiji chako cha kambi siku hiyohiyo. Cheti hutolewa na RITA kupitia ofisi ya mwandikishaji wa wilaya, na wilaya yetu ni Kasulu. Zikipita siku 30 bado inawezekana, ila huitwa uandikishaji uliochelewa, na maswali huwa mengi.

Nayajua maswali hayo kwa sababu yametukuta nyumbani. Baba yangu alifariki kambi ya Lugufu mwaka 2006, mimi nikiwa na miaka mitano. Mwaka 2009 Lugufu ilifungwa tukaletwa hapa. Baadaye mama alipoulizwa tarehe ya kifo alijibu, "Ilikuwa kiangazi, kabla ya mvua." Faili likasema Desemba. Mama hakudanganya, na faili halikukosea pia. Baba alizikwa Agosti, lakini mama alichelewa kumtoa kwenye kadi ya mgao hadi Desemba, kwa sababu tulikuwa watoto wanne na mgao wa mtu mmoja ulikuwa unga wa siku kadhaa. Simlaumu. Najua familia nyingi zilizofanya hivyo, na wanaosoma hapa wanajijua. Lakini ile miezi minne ilifanya aonekane kama mtu asiyesema kweli, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja kuieleza.

Kilichotuokoa ni daftari la rambirambi. Katibu wa chama cha kuzikana cha kijiji chetu cha Lugufu alikuwa ameandika kila aliyechanga, na kiasi, na juu ya ukurasa tarehe: 14 Agosti 2006. Mama alilihifadhi kwa sababu ya madeni, ili ajue nani wa kurudishiwa akifiwa. Tukatafuta wawili walioandikwa mle ambao bado wako hapa, wakatoa maelezo yao, na mama akaapa kwa maandishi akieleza wazi kwa nini alichelewa. Maelezo yalipokelewa. Cheti chenyewe bado tunakifuatilia, na kwa wilaya nyingine, kwa kuwa Lugufu ilikuwa wilaya ya Kigoma na tangu 2012 eneo hilo liko Uvinza. Wenye wafu wao kule walijue hilo wasije wakalipa nauli bure.

Yapo mambo mawili ya hatari.

La kwanza ni watu wanaopita vijijini wakisema, "Nipe pesa nitakuletea akti kutoka Fizi, wiki mbili tu." Karatasi hizo huja na mhuri mzuri na tarehe mbovu. Ikigundulika, maneno yako mengine yote hutiliwa shaka, hata yale ya kweli. Mtu asiye na cheti anasikilizwa kama shahidi. Aliyeleta cheti cha uongo nani atamwamini tena? Na huduma za UNHCR ni bure. Anayekudai pesa kwa jina lake, toa taarifa.

La pili ni kurudi nyumbani mwenyewe kutafuta karatasi, au kwenda ubalozi wa nchi uliyoikimbia, bila kuuliza kwanza. Hatua hiyo inaweza kuleta maswali juu ya ukimbizi wako. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1964, una kifungu cha 25 kinachosema mkimbizi asiyeweza kuziendea ofisi za nchi yake asaidiwe na nchi inayompokea kupata hati au uthibitisho ambao angepewa kwao. Basi pita kwanza ofisi ya msaada wa sheria kambini, taja kifungu hicho kwa namba. Hata ndugu aliyebaki Kivu usimtume ofisini kabla ya kumwuliza kama njia ni salama, maana vita vya 2025 vimefanya barabara nyingi zisipitike kama zamani.

Kama hujui hata iwapo mtu wako alikufa au yu hai, hiyo si kazi ya cheti bado. Nenda Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta ndugu waliopotezana bila malipo, na mwombe karatasi inayoonyesha siku uliyofungua ombi. Mahakama ikija kuombwa itamke kwamba mtu hajulikani alipo, swali la kwanza litakuwa ulimtafuta wapi na tangu lini.

Ukija ofisini kwetu, njoo na lile daftari la majina, kadi ya familia, na kitu chochote kilichobaki cha marehemu chenye maandishi: kadi ya zahanati, cheti cha ubatizo, barua, picha iliyoandikwa nyuma. Usisafishe, usigundishe upya, usiongeze neno kwa kalamu yako. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule, na kama kuna mzee aliyeshika jembe siku ya kuzika, aje naye pia tuandike maelezo yake angali na nguvu za kusimulia.