Riven imerudi, wapeni wajukuu daftari
Mchezo wa kompyuta uitwao Myst, waliouunda ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, mwaka 1993, hauna bunduki wala saa ya kukukimbiza. Uko peke yako kisiwani na mafumbo yako. Ndani ya boksi lake mlitiwa daftari tupu la kuandikia.

Mimi, kwa kuwa nilisomesha, naipenda zaidi Riven ya 1997, ya CD tano. Mle mna darasa la watoto, na mwanasesere wao ndiye anayekufunza tarakimu za nchi ile. Usipozijua, huendi mbali. Somo ndilo hilo, bwana!

Riven mpya ilitoka 2024, baadhi ya mafumbo yamegeuzwa. Lakini wajukuu wetu hapa Maskati wakikwama dakika mbili tu, mbio kwenye simu kutafuta jibu. Simu zichukueni, kalamu waachieni.