Supu Nzito ya Viazi na Joto Linalotunzwa

Supu nzito ya viazi mviringo, ile inayoteleza kooni bila chengachenga, hudai mambo mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa ni jambo moja: kwanza joto kali la kutosha kulegeza nyama ya kiazi, kisha muda mrefu wa joto la upole unaoruhusu utamu wa kitunguu, seleri na mfupa uenee katika maji. Katika nchi nyingi kazi hiyo hukabidhiwa chungu cha umeme cha kupika polepole, yaani chombo kizito cha udongo uliochomwa, chenye waya wa joto kuzunguka ubavu wake na mfuniko wa kioo, kinachotumia umeme mdogo wa takriban wati 200 hadi 300 na kuachwa peke yake kwa saa 6 hadi 8. Mmarekani Irving Naxon alipata hataza ya chombo cha aina hiyo mwaka 1940, na mwenyewe alieleza kwamba wazo lilitokana na masimulizi ya mama yake kuhusu Wayahudi wa Lithuania, ambao siku ya Ijumaa kabla ya Sabato kuingia walipeleka vyungu vyao vya maharage na nyama kwenye tanuri la mwoka mikate, vikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki humo baada ya moto kuachwa uzimike. Kampuni ya Rival ilikiuza upya kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971, kikaenea haraka. Umeme, kwa hiyo, ulikuja baadaye. Asili ya upishi huu ni tanuri linalopoa taratibu.

Asili hiyo ina maana kubwa katika Katuba, komini ya mji wa Lubumbashi huko Katanga, Kongo, ambako jikoni hutegemewa zaidi mbabula, jiko dogo la chuma linalowashwa kwa makala, yaani makaa ya miti, kuliko waya wa Snel, shirika la taifa la umeme. Mabwawa ya Katanga, kama lile la Mwadingusha katika mto Lufira lililoanza kufanya kazi mwaka 1930, yalijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba, na hata leo nyumba za komini huzoea kukatiwa umeme bila taarifa. Chungu cha umeme kinachozimika saa ya pili, supu ikiwa vuguvugu na viazi bado vigumu, ni hasara na tena ni hatari kwa afya, kama itakavyoonekana hapa chini. Kuna pia tatizo la nguvu ya umeme, kwani chungu kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, ilhali umeme wa Kongo ni wa volti 220, hivyo kikichomekwa bila transfoma kinaweza kuungua.

Ili kujua namna ya kufanya kazi ya chungu hicho bila chungu chenyewe, inafaa kuanza ndani ya kiazi. Kiazi ni mkusanyiko wa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa seli, na kila kimoja kimejaa punje za wanga. Wanga huo hunyonya maji na kuvimba kati ya digrii 60 na 70 za Selsiasi, na hapo ndipo mchuzi unapopata uzito. Lakini kuvimba kwa wanga peke yake hakulainishi kiazi, kwa sababu seli zimeshikanishwa na pektini, dutu yenye tabia ya gundi, ambayo huanza kuyeyuka vizuri pale tu joto linapopita digrii 80 hivi. Kati ya viwango hivyo viwili pamejificha mtego: kiazi kikikaa kwa muda mrefu kwenye digrii 50 hadi 70, kimeng'enya kilichomo ndani yake, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, huibadilisha pektini ikashikana na madini ya kalsiamu na kuwa ngumu zaidi, kiasi kwamba hata kikichemshwa baadaye kwa nguvu kiazi hicho hukataa kulainika upesi. Hiyo ndiyo sababu katika vyungu vya umeme vinavyopata joto polepole nyama huwahi kuiva huku viazi vikibaki na kiini kigumu, na ndiyo sababu mapishi ya uangalifu huagiza viazi vikatwe vidogo na kupangwa chini kabisa. Asidi nayo huzuia pektini isiyeyuke, na kwa hiyo nyanya, ambayo katika Katuba hukaangwa mwanzoni mwa karibu kila mboga, katika supu hii yafaa ingojee mpaka viazi viwe vimeiva, ingawa supu isiyo na nyanya kabisa ni bora zaidi kwa sababu ya maziwa yatakayofuata.

Kutokana na hayo kanuni inakuwa wazi: kiazi kivushwe mtego huo haraka kwa moto mkali, kisha kiachiwe joto la upole. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye digrii 96 hivi badala ya 100, na tofauti hiyo hurefusha mapishi kidogo lakini haizuii chochote, maana digrii 96 bado ni mbali juu ya zile 80 zinazohitajika. Kupandisha joto la sufuria yenye kilo 2 za viazi na lita 2 za maji kutoka digrii 20 hadi kuchemka huhitaji nishati ipatayo kilojuli 1,200, ambayo imo katika gramu 40 tu za makala, yaani kipande au viwili vya kushika mkononi. Makala mengine yote yanayoteketea katika mbabula kwa saa mbili au tatu hufidia joto linalotoroka pembeni mwa jiko, ubavuni mwa sufuria na kwa njia ya mvuke. Makala hayo hutoka katika misitu ya miombo inayouzunguka mji, misitu ambayo kila mwaka wachomaji hulazimika kuifuata mbali zaidi, na mfuko unaofika Katuba hubeba ndani ya bei yake gharama ya umbali huo. Kuziba njia za joto kutoroka, basi, ni kuokoa fedha ya nyumba na mti wa porini kwa wakati mmoja.

Chombo cha kuziba njia hizo ni kapu la joto. Ufundi wake si mgeni: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 ulionyeshwa kwa umma kama sanduku la Kinorwe la kupikia; katika vita vikuu vya Ulaya familia zilizokosa kuni na makaa zilitumia masanduku yaliyojazwa majani makavu; na Afrika Kusini, wakati umeme ulipokuwa ukikatwa kwa zamu mwaka 2008, Sarah Collins alianzisha mfuko wa kitambaa uitwao Wonderbag kwa kazi hiyohiyo. Katika Katuba hakuna sababu ya kununua kitu. Kapu pana au katoni ngumu, lililotandikwa majani makavu, mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani au blanketi kuukuu kwa unene wa sentimita 10 kila upande, pamoja na mto wa kufunika juu, linatosha. Hewa iliyonaswa katika nyuzi ndiyo inayozuia joto lisipite, na kwa hiyo vitambaa vishindiliwe kiasi cha kukaa tu, visikandamizwe.

Viazi vya unga, vyenye wanga mwingi, ndivyo vinavyofaa, kwa kuwa vile vya maji hushikilia umbo lake na kuiacha supu ikiwa nyepesi. Sokoni si rahisi kuvitambua kwa ganda, lakini nyumbani kipo kipimo: kikombe 1 cha chumvi huyeyushwa katika vikombe 11 vya maji, kiazi kikatumbukizwa humo, na kikizama ni cha unga, kikielea ni cha maji. Kiazi chenye rangi ya kijani kimenyewe sehemu hiyo kwa kina au kitupwe, kwani sumu iitwayo solanini inayofuatana na rangi hiyo haiangamizwi na kuchemsha. Viazi vikishakatwa vipande vya sentimita 2, vitunguu hulainishwa kwanza katika mafuta kwa moto mdogo bila kugeuka kahawia, maji au mchuzi wa mifupa uliokwisha kuchemka humwagwa juu yake, viazi na chumvi vikafuata, na vyote vikatokota kwa dakika 10 huku mfuniko ukiwa umefungwa. Sufuria iliyojaa robo tatu au zaidi huhamishwa mara moja kutoka kwenye mbabula hadi kapuni, na haifunuliwi kwa saa mbili, kwa maana kila kufunua hutoa mvuke, na mvuke ndio unaobeba joto jingi kuliko kitu kingine chochote.

Ulaini wa malai huja mwisho, na hapo ndipo supu nyingi huharibika. Viazi vilivyoiva vipondwe kwa mwiko au mchi humohumo sufuriani, theluthi moja ikiachwa na vipande, wala visisagwe kwa mashine, kwa sababu visu vinavyozunguka kwa kasi hupasua seli na kuumwaga wanga wote nje, supu ikavutika na kunata vibaya. Maziwa nayo yana protini iitwayo kasini, ambayo hukaa imetawanyika majini mpaka asidi na joto la muda mrefu viifanye ijikusanye, na mabonge meupe yakaonekana. Ndiyo maana maziwa hayatiwi mwanzoni, hata chungu kiwe cha umeme. Maziwa ya unga, yanayopatikana kwa urahisi zaidi Katuba kuliko maziwa mabichi au malai, hukorogwa kwanza katika maji ya vuguvugu mpaka yasiwe na donge, yakaongezwa upawa mmoja wa supu ya moto ili yazoee, kisha yakamiminwa sufuriani, sufuria ikiwa imekwisha kutolewa kapuni, ambako wanga uliokwisha kutawanyika huisaidia kasini isigande. Nyumba isiyo na maziwa inaweza kutumia karanga mbichi zilizotwangwa laini, ila karanga hutaka kuchemka kwa dakika 15 zaidi ili harufu yake mbichi iondoke, na supu yake, ingawa rangi si nyeupe, ni nzito na yenye mafuta mazuri kuliko ile ya maziwa hafifu.

Kapu halipashi moto. Linachelewesha kupoa tu. Chini ya digrii 60 bakteria huanza kuzaana, na mbegu za baadhi yao, kama Bacillus cereus apendaye vyakula vya wanga, hustahimili hata kuchemshwa, zikasubiri chakula kiwe vuguvugu ndipo zichipuke. Supu iliyokaa kapuni hadi ikapoteza joto lake kwa saa nyingi haifai kuokolewa kwa kuchemshwa upya, kwa kuwa sumu ambazo bakteria hao wamekwisha kuziacha haziondoki zote. Inayokusudiwa kuliwa usiku, baada ya kuivishwa mchana, hurudishwa kwenye mbabula kabla haijapoa, ikachemka dakika chache, ikafungwa tena; na maziwa hutiwa katika kile kiasi tu kitakachoandaliwa mezani, kilichobaki kikiachwa bila maziwa.