Chagua Kitakachobaki Baada ya Saa Moja

Mwanaume anayetaka manukato yenye harufu ya machungwa na miti hatachelewa kukutana na majina mawili: Terre d'Hermès, iliyotungwa na Jean-Claude Ellena mwaka 2006, na Bleu de Chanel ya Jacques Polge, ya mwaka 2010. Ukizinusa dukani harakaharaka utadhani ni ndugu wa tumbo moja, kwani zote mbili zinaanza na balungi na chini yake kuna mwerezi. Wengi huamua papo hapo, na huko ni kuchagua kwa kile kitakachokimbia kwanza. Harufu ya machungwa hubebwa na kemikali nyepesi, hasa limonini, na joto huziharakisha kupeperuka. Kwa jua la mchana la Bangwe, mjini Kigoma, balungi ulilolipia huenda likawa limekwisha kabla bodaboda haijakufikisha Ujiji. Unachobaki nacho siku nzima ni miti.

Na kwenye miti hazifanani hata kidogo. Terre d'Hermès hubaki kavu: mizizi ya vetiva, pilipili, kitu kama jiwe la gumegume lililogongwa. Bleu de Chanel huelekea kwenye ubani na msandali, ikiwa na utamu unaozidi kadiri mwili unavyopata joto. Ndiyo maana kwa kazi za mchana kandoni mwa Ziwa Tanganyika, penye jasho na unyevu, naipa nafasi ya kwanza Terre. Atakayenipinga atasema pua zetu zimelelewa na udi na liwa, kwa hiyo Bleu ndiyo iliyo karibu nasi. Ni hoja nzito, tena kwa mji kama Ujiji uliofungamana na pwani tangu enzi za misafara. Lakini udi ni wa jioni, wa nguo safi na baraza lenye upepo, na hapo Bleu inastahili kabisa.

Wengine hulalamika kwamba Terre haidumu. Mara nyingi pua ndiyo imechoka. Ndani ya Terre mna kiasi kikubwa cha Iso E Super, harufu ya mti iliyotengenezwa maabara, ambayo watu wengi huacha kuisikia kwa muda ilhali walio karibu nao bado wanaisikia. Basi ijaribu kwenye ngozi, si kwenye kikaratasi. Toka nje, tembea juani saa nzima, kisha mwombe mwenzako anuse mkono wako kabla hujatoa pesa.